Eda ya Pili

Mjimwema, Songea
12 Juni 2024

Kwa Bi Biasha Hassani,
Nakapanya.

Hunijui, nami sikujui, kwa hiyo nijieleze kabla hujaitumia karatasi hii kuwashia jiko. Naitwa Benigna Nyoni. Nilikuwa mwalimu wa chekechea miaka ishirini na miwili, sasa nashika vibarua vya mikataba mifupi vinapopatikana. Mwezi huu nimepata cha ukarani. Shirika moja linataka kujua hapa mjini kuna watu wangapi wasio na pa kulala, ni akina nani, wametoka wapi, na nini kiliwatoa huko. Tunaondoka alfajiri kabla hawajakunja maboksi yao, tunawahesabu, kisha tunakaa na mmoja mmoja na kumuuliza maswali thelathini na mbili. Baridi ya Songea ya mwezi wa sita nadhani umewahi kuisikia hata huko kwenye joto lenu. Fikiria unamuuliza mtu mzima anatumia choo cha wapi huku meno yake yanagongana.

Jumatatu, kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la mahindi, nilimwandika mtu wa arobaini na moja. Mwanamume, miaka arobaini na mitano, mguu wa kulia anauburuza. Mchana anawashonea wafanyabiashara magunia ya mahindi kwa ile sindano kubwa. Majibu yake ni ya mkato. Nilimuuliza kwa nini analala nje, akasema, "Nyumba imejaa." Nikadhani ananitania, nikaweka alama kwenye "sababu nyingine". Tulipofika kwenye swali la ndugu wa karibu alinyamaza mpaka nikataka kuliruka. Kumbe anakusanya nguvu. Akasema, "Biasha binti Hassani. Nakapanya." Nikauliza ni nani wako. Akasema, "Mke."

Bi Biasha, jina lake ni Daudi Ausi. Mumeo yuko hai, ana akili zake zote, hanywi, havuti.

Tulipofundishwa kazi hii tuliambiwa hivi: uliza, andika, funga dodoso lako, nenda zako. Usimtafute ndugu wa mtu. Nimelivunja sharti hilo, na yeye mwenyewe hajui kwamba nakuandikia. Nilishindwa kukaa nalo. Mama yangu alifariki Kwaresima ya mwaka jana, na tangu hapo najua nyumba ya mtu mmoja inavyokuwa. Nikamfikiria mwanamke huko Nakapanya anapakua sahani moja kila jioni, na mimi nina habari yake kwenye mkoba. Namba yako ya simu hakuijua, ndiyo maana barua hii nampa Egidi, konda wa basi la Masasi, ambaye nilimfundisha kuhesabu hadi ishirini. Atakuulizia.

Nangoja jibu lako kwa furaha,
Benigna Nyoni


Nakapanya
19 Juni 2024

Karani,

Barua yako nimeipata, na kwa bahati niliifungua mwenyewe.

Mtu huyo simjui. Mume wangu anaitwa Muhsini. Yupo, na saa hii ninapoandika yuko shambani anapulizia mikorosho dawa. Tuna watoto wawili. Hapa hakuna anayepakua sahani moja. Tunakula kwenye sinia watu wanne, na hakibaki kitu.

Daudi Ausi nilimjua. Alifariki Msumbiji mwaka 2014, shimo la vito lilimfukia. Maiti yake hatukuiona, lakini tulimswalia, hitima ilisomwa, Nakapanya nzima ilikuja. Mtu akishaswaliwa ameswaliwa. Huyo wako huenda ni mtu aliyechimba naye huko, akalijua jina lake na la mke wake. Wapo watu wanaoishi kwa majina ya wafu.

Na kama kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kimepinda kwa ndani, hilo si kitu. Watu wenye vidole vilivyopinda ni wengi.

Usitafute namba ya simu. Simu ya nyumba hii inashikwa na kila mtu. Na usiniandikie tena. Ukiwa na la kuandika, mpe konda yule yule, na asimpe mtu mwingine ila mimi mkononi.

Biasha


Mjimwema, Songea
26 Juni 2024

Bi Biasha,

Umenikataza kuandika, halafu ukanielekeza namna ya kuandika. Nimeshika la pili.

Jana nilimpelekea uji. Huwa nampelekea, nyumba yangu na pale si mbali sana, na kupika uji wa mtu mmoja ni kazi ya bure, sufuria yenyewe haikubali. Alipokishika kikombe nikakiangalia kidole. Kimepinda kwa ndani, kama ulivyosema.

Sijui nikuombe radhi vipi. Nilidhani naleta habari njema. Nilitembea njia nzima kutoka stendi nikiimba, mwanamke wa miaka hamsini na moja, watu wananitazama. Sikujua kama kuna Muhsini na watoto. Yeye hakusema. Nilipoandika "mke" nilimwona ameinamisha uso, nikafikiri ni haya ya kulala barazani.

Bado sijamwambia lolote. Lakini msimamizi wangu, Romanus, anataka madodoso yote yarudi, na la mtu wa arobaini na moja ninalo mimi. Nimemwambia namalizia maswali. Niandike ana ndugu, au niandike hana? Ukisema hana, nitalifuta jina lako, na wewe na mimi hatukuwahi kujuana. Naweza kunyamaza. Mwaka mzima huu sina hata wa kumwambia.

Benigna


Nakapanya
8 Julai 2024

Dada Benigna,

Shikamoo. Mara ya kwanza sikukuamkia. Nilikuwa na hasira, na hasira bado ninazo, lakini hazizuii salamu.

Kidole kile alikivunja kwa mchi. Ndoa yetu ilikuwa na miezi miwili, akataka kunisaidia kutwanga. Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nikueleze ulichokifanya. Daudi aliondoka 2013 pamoja na Muhsini. Ni marafiki tangu madrasa. Walikwenda Msumbiji kuchimba vito. Mwaka uliofuata Muhsini akarudi peke yake na begi la mwenzake. Akasema shimo limefukia watu sita, wamechimbua kwa mikono siku mbili, kisha ikaja mvua na udongo ukashuka tena juu ya udongo, wakaacha. Hakusema uongo. Nilimtazama usoni siku ile na ninamtazama hadi leo. Tukamswalia Daudi akiwa hayupo, nikakaa eda yake miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila hina, sitoki mlangoni. Nililia mpaka mama akaogopa. Miaka miwili baadaye Muhsini akaja kunichumbia, akasema hawezi kupita mbele ya nyumba ile akaniona peke yangu. Nikakubali. Tukampata Shakila, ana miaka saba, na Hassani mwenye mitatu. Kwa Daudi sikujaaliwa mtoto.

Ilipofika barua yako nilihama chumba. Nalala na Shakila. Nimemwambia Muhsini mgongo unaniuma. Amenunua dawa ya kuchua, ameiweka mlangoni pa chumba cha mtoto, maana nimemkataza asiniguse. Kila asubuhi ananiuliza, "Umepata nafuu?"

Nilikwenda kwa shehe, nikamwambia nauliza kwa niaba ya mwanamke mmoja wa Tunduru mjini. Shehe akasema, mume wa kwanza akidhihiri kuwa yu hai, ndoa yake ipo. Ama akae na mkewe, ama amwache kwa talaka. Akimwacha, mwanamke akae eda mbali na huyu wa pili, kisha wafunge ndoa upya. Alipokuwa hajui, hana dhambi. Akishajua, kila siku anaandikiwa. Alinitazama kitambo, akasema, "Mwambie huyo mwanamke wa Tunduru asichelewe."

Unaona, dada? Wanasema usilolijua ni usiku wa giza. Usiku wangu mimi ulikuwa na usingizi. Pilipili usiyoila yakuwashiani?

Lakini maji yameshamwagika. Kamwambie. Aje, au aniache. Kama ni talaka, aiandike kwa mkono wake, mwandiko wake naujua. Usimwambie mimi nataka lipi, kwa sababu sijakwambia. Na kwenye karatasi yako andika ana mke. Kwa leo ni kweli.

Biasha


Mjimwema, Songea
20 Julai 2024

Mdogo wangu Biasha,

Marahaba. Nimesoma yote na sina cha kujitetea. Nilijitia kiherehere.

Nilimwambia Jumamosi iliyopita, sokoni. Nilichagua saa saba, wapakiaji wanapokwenda kula. Nilisema moja kwa moja, kwamba nilikuandikia, kwamba unajua yuko hai, kwamba shehe amesema hivi na hivi. Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Alishona magunia manne mfululizo, kisha akasema, "Naujua mlango wake. Nilishafika."

Ni mwaka 2018. Wanakijiji wa kule walimtoa shimoni wenzake wakiwa wameshaondoka, akalala hospitali miezi mingi, mguu ukaunga vibaya, akafanya vibarua mpaka akapata nauli. Alishuka Nakapanya asubuhi. Alinunua muhogo wa kuchoma kwa mama mmoja kando ya barabara, akamuuliza habari za Biasha. Yule mama hakumtambua, maana Daudi alikuwa amekonda, ana ndevu. Akamjibu, "Biasha wa Muhsini? Si yule pale." Ulikuwa unavuka barabara na ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Anasema ulikuwa unamwimbia. Aliumaliza muhogo wake, akapanda basi la kwanza lililosimama, na lilikuwa linakuja Songea. Ndivyo alivyofika mjini kwetu. Miaka sita amelala kwenye baraza lile. Sasa nimeelewa aliposema nyumba imejaa.

Kurudi anasema hawezi. Anasema hawezi kuingia akamtoa Muhsini mbele ya watoto. Lakini na kuandika pia amekataa. Nilimsihi. Nikamwambia, Biasha anateseka, kila siku anaandikiwa dhambi. Akasema, "Maiti haandiki talaka. Ajifanye hajui, Mungu ni mwingi wa rehema." Nikamwambia anajua, hawezi kujifanya. Hapo ndipo alipokasirika. Alisema hivi, na nayaandika kama yalivyotoka: "Sasa hivi mimi ni maiti mwenye mke. Nikiandika nitakuwa mtu hai asiye na mtu. Niache na hicho."

Sikuendelea. Ungemwona usingeendelea.

Kuhusu baridi usiwe na wasiwasi, amepata pa kujisitiri. Msamaria mmoja amempa chumba.

Benigna


Nakapanya
31 Julai 2024

Dada,

Huyo msamaria anakaa Mjimwema? Anapika uji?

Usinione mjinga kwa kuwa niko porini. Barua zako zote nimezipanga nikazisoma kwa mfuatano. Ya kwanza unamwita mtu wa arobaini na moja. Ya pili uji. Ya tatu unajua mpaka anavyonyamaza. Sikulaumu kwa kumtaka. Nakulaumu kwa kuniandikia kama mtu asiyetaka kitu. Ukimtaka mume wangu, mwambie anipe talaka yangu kwanza.

Nimemwambia Muhsini. Sikupanga. Hassani aliichezea ile dawa ya kuchua akaimwaga yote, na Muhsini akasema, "Basi, kesho nitanunua nyingine." Nikashindwa. Nikamwambia mgongo hauumi, nikamwambia yote. Alikaa chini akashika kichwa. Neno la kwanza alilosema ni "Alhamdulillahi, yuko hai." Alilia baadaye.

Tangu siku hiyo amehamia kwenye banda la shambani. Anakuja asubuhi kuwasalimia watoto, anasimama uani, haingii. Anasema mke wa mtu ni amana, na yeye ameikalia amana ya rafiki yake miaka minane. Anajilaumu kwa ile mvua. Anasema angechimba siku ya tatu. Jumatatu ya tarehe kumi na mbili anakuja Songea kumwona Daudi na kumwambia, mkeo huyu hapa, nyumba hii hapa, mimi naondoka. Nimempigia magoti. Hasikii. Hajaniuliza mimi nataka nini. Hakuna aliyeniuliza, hata wewe.

Basi nakwambia, sina mwingine wa kumwambia. Daudi nilimpenda. Akirudi leo nitamfulia, nitampikia, nitamwuguza ule mguu, na sitampenda tena. Yamekwisha, nimejitafuta moyoni sikuyaona. Ninayemtaka ni huyu anayesimama uani. Kama Daudi haandiki, nitabaki na waume wawili na sina hata mmoja. Shakila ameniuliza kama baba ana ugonjwa wa kuambukiza.

Wewe ndiye uliyeanza. Malizia.

Biasha


Mjimwema, Songea
13 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Barua hii anakuletea Muhsini mwenyewe. Bahasha ya pili ndani yake sijaifungua.

Nianze na deni langu. Ndiyo, chumba ni changu. Ni kile cha mama, cha uani. Nilinunua godoro, nilinunua na taa. Alikaa siku tisa. Hakuna kilichotokea, na nikuambie ukweli, mimi nilitaka kitokee. Si kama unavyofikiri tu. Nilitaka asubuhi nisikie mtu anakohoa upande wa pili wa ukuta. Nilijikuta nafanya kelele na masufuria ili aulize kuna nini. Siku ya kumi alikunja shuka vizuri, akaniambia, "Mwalimu, umenikaribisha vizuri, lakini kila nikiamka namkuta mtu ananingoja." Akarudi barazani. Nilikasirika, kisha nikaona amesema kweli. Sikukuandikia hayo kwa sababu ya aibu. Na ukijiuliza kwa nini nilikuandikia ile siku ya kwanza, jibu ndilo hilo hilo. Nilitaka mtu anijibu. Nisamehe.

Lako nililifikisha. Nilimsomea sehemu ile ya uani, na Shakila alivyouliza. Sikumsomea uliposema hutampenda tena. Aliniomba karatasi ile nikamnyima. Akanitazama akasema, "Basi nimejua kilichomo."

Leo asubuhi Muhsini alifika sokoni. Nilikuwepo, nilisimama kwa wauza viroba nikijifanya nachagua. Daudi alimwona kwa mbali, hakuinuka. Muhsini alipofika akachuchumaa. Kisha Muhsini akachukua sindano ya pili, akatunga uzi, akaanza kushona upande wa pili wa gunia. Walishona hivyo mpaka saa sita. Walikuwa wanaongea Kiyao, sikuelewa hata neno, ila mara moja nilimsikia Daudi anacheka. Sijawahi kumsikia akicheka, hata zile siku tisa. Muhsini alikuwa analia na kucheka pamoja, kamasi zinamtoka, na mwenye mahindi akawapigia kelele kwamba mishono imepinda.

Saa sita Daudi akaja nilipo, akaniomba karatasi na kalamu. Nikauliza nimsaidie kuandika? Akasema, "Hapana, Biasha anaujua mwandiko wangu."

Dodoso lake bado ninalo. Romanus ameniambia nikilichelewesha tena mkataba wangu hautaongezwa. Nitalipeleka kesho kama lilivyo, na kama mkataba hauongezwi, basi. Uji nitaendelea kumpelekea. Hilo naomba usinikataze.

Dada yako,
Benigna


Songea
13 Agosti 2024

Biasha,

Assalam alaikum. Usicheke mwandiko, mkono umezoea sindano.

Niandike kwanza la sheria. Mimi Daudi bin Ausi niko hai, nina akili timamu, na hakuna aliyenilazimisha. Nimekuacha kwa talaka moja leo Jumanne, na sitakurejea. Eda uihesabu kuanzia leo ninapoandika, si siku utakapoisoma. Muhsini amekubali kukaa shambani mpaka iishe. Nimemwambia akishafunga ndoa aingie ndani, aache ujinga wa kusimama uani.

Alikuja kunirudishia wewe kama mtu anayerudisha jembe la kuazima. Nimemgombeza. Lakini usidhani sikuwaza. Gunia la tatu, kutoka mshono wa kwanza mpaka wa mwisho, nilikuwa nimekubali. Nilikuwa nimeshafika nyumbani, nimeshakaa. Nikamwangalia Muhsini, nikaona mishono yake inapinda anavyongoja nimjibu, na hata hivyo anashona. Gunia la nne nikamwambia hapana.

Yeye anajilaumu kwa siku ya tatu ya kuchimba. Nimemwapia kwamba sikumsikia mtu yeyote juu yangu, nilikuwa nimezimia. Ukimwona ameanza tena, mkumbushe niliapa. Wewe ukijiuliza kama ni kweli, usiniulize.

Mwalimu ni mtu mwema. Usimkasirikie. Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza jina langu tangu nifike mji huu, akangoja mpaka nikajibu. Nilitaja la kwako kwa sababu nilitaka kulisikia kwa sauti mara moja. Sikujua kama litasafiri.

Sijapata kusikia mwanamke aliyekaa eda mara mbili kwa mume mmoja. Ile ya kwanza ulifungiwa ndani unanililia, na mimi nilikuwa nimelala hospitali nimeangalia dari. Nisamehe ile. Hii ya pili ikae tu. Kula, lala, waogeshe watoto. Usinililie. Nipo.

Daudi Ausi